Mwaka Mashine Ilipomtangaza Kinya

Nikipata habari kwamba mtu amekufa, hupiga kwanza simu ya huyo aliyekufa. Wanaonijua wamezoea, ingawa wengine huniona sina adabu. Mwalimu Wekesa alipofariki mwaka huu, ujumbe ulinikuta Nanyuki, nimesimama kwenye foleni ya maji. Niliweka ndoo chini nikatafuta namba yake. Iliita kwa muda, kisha binti yake akapokea, akasikiliza pumzi zangu na kusema, "Ni wewe, Shiru? Baba aliniambia utapiga. Ni kweli. Safari hii ni kweli." Nililia pale pale, na mwanamke aliyekuwa nyuma yangu akawa anaisogeza ndoo yangu kila foleni iliposonga, bila kuniuliza neno.

Habari za nyumbani kwetu nitaziacha. Inatosha kusema niliacha shule kidato cha pili, na tangu hapo nimeishi karibu kila mji unaouzunguka mlima huu. Nimechambua maharagwe Karatina, nimefua mashuka ya hoteli Naro Moru, nimekata maua Timau. Sikufukuzwa popote. Nilikuwa nikifika mahali, nauliza kila kitu, na maswali yakiisha naondoka. Mwaka ninaousimulia ndio pekee katika ujana wangu ambao maswali hayakuisha, na mpaka leo, nikiwa na mvi za kutosha, bado siwezi kusema kwamba nimetoka ndani yake.

Nilifika Skuta, mtaa wa mji wa Nyeri, nikiwa nimetumwa na watu wa matanga. Mama aliyenipangisha chumba Othaya alikuwa amefariki, na kamati iliyokutana kwake kila jioni ilinichagua nipeleke tangazo Nyeri kwa sababu ni mimi peke yangu niliyekuwa sina shamba la kurudia. "Uliza mwalimu Mluhya wa matangazo," waliniambia. "Skuta yote inamjua." Nyumba ilikuwa ndani ya ploti ya mawe, vyumba vimetazamana, bomba moja la maji katikati. Chumba cha mbele kilipakwa rangi ya samawati hadi usawa wa kiuno, na juu yake nyeupe iliyogeuka kijivu kwa moshi wa jiko. Kulikuwa na meza, benchi la wageni, chupa ya chai, na chini ya meza kompyuta isiyokuwa na kioo, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama watu wanavyofunika redio. Hiyo ndiyo waliyoiita seva. Ilinguruma mfululizo, na baada ya muda mfupi uliacha kuisikia, mpaka stima ipotee, ndipo kimya chake kikakushtua.

Nyuma ya meza alikaa msichana wa umri wangu, mrefu, mwenye sweta la kijani. Huyo ndiye Kinya.

"Jina ya marehemu?" aliuliza.

"Wangechi wa Muthoni."

"Maombi ni wapi?"

"Nyumbani. Kila jioni."

"Mazishi?"

"Alhamisi."

Aliandika, akabonyeza, na kabla sijapokea kikombe cha chai alichonisogezea, simu yangu mwenyewe ikalia mfukoni, ikinitangazia kifo nilichokuja kukitangaza. Niliusoma ujumbe huo mara mbili. Sikuwa nimemlilia yule mama hadi wakati huo, nilipoliona jina lake limeandikwa na mtu asiyemjua. Nikauliza mashine imejuaje namba yangu. Kinya akasema kamati hutuma namba za watu wao, nami nilikuwa mmojawapo. Nikauliza ujumbe unapita wapi, na nani mwingine anaweza kuuona, na kama nimewadanganya je, kama mama yule yuko hai anakamua ng'ombe?

"Ati kudanganya?" Kinya alinitazama kama nimetema mate sakafuni. "Nani anaweza danganya kitu kama hiyo?"

Sauti ya mwanamume ikatoka chumba cha ndani. "Kinya, huyo anauliza maswali mazuri. Muongeze chai."

Nilibaki. Sikuombwa kubaki. Nilifagia, nikachota maji, nikakaa kwenye benchi nikiuliza, na wiki ilipoisha nilikuwa nalala chumba cha Kinya, upande wa pili wa ua. Mwalimu Wekesa alikuwa amefundisha hesabu katika shule ya upili hapo Nyeri, alikoletwa na serikali kutoka Bungoma, kisha akaacha kazi ili aandike programu. Mkewe alibaki nyumbani na watoto. Alikuwa mtu wa taratibu, mwenye miwani iliyofungwa uzi, na alipenda kupika mwenyewe. Jumamosi alitupikia ugali na mrenda aliotumiwa kutoka kwao, nasi tulitukana mboga hiyo tukiila.

"Mwalimu, hii mboga inateleza kama mwanasiasa," Kinya alisema. "Ukiishika haishikiki."

"Nyinyi watu wa mlima mnakula viazi mpaka mnafanana nazo. Kula, ulainike kidogo."

Programu yake aliiandika kwa ajili ya matangazo ya vifo, kwa sababu alipofika mlimani alishangaa jinsi watu walivyotembea siku nzima kuwaita wenzao kwenye matanga. Lakini hakuiuza. Maandishi yake yote aliyaweka wazi kwenye mtandao, mtu yeyote duniani ayasome, ayachukue, ayarekebishe. Nilipomuuliza kwa nini, alisema ni kama kuacha mlango wa jiko wazi. Majirani wanaingia kupika, na anayeonja mchuzi anakwambia chumvi imezidi. Watu wa nchi asizowahi kuzikanyaga walikuwa wameichukua kwa kazi zao nyingine. Kwetu, mashine kama yake zilikuwa Karatina, Naro Moru, Nanyuki na Timau, kila moja na mwenyewe. Mwalimu hakutaka kuwa na nenosiri la mashine hata moja isiyokuwa yake. "Mashine ya mtu ni nyumba yake," alisema. Na kuna jambo jingine alilokataa, ambalo wakati huo nililiona la upole tu. Hakuiruhusu programu ifute tangazo lolote lililotumwa. Alisema hana moyo wa kuifundisha mashine kufuta jina la mtu.

Kinya alikuwa mtu wa Timau, na kazi aliianzia huko, katika ofisi ya kijana aitwaye Mutwiri, fundi wa simu aliyekuwa na mashine ya upande huo. Tangazo la kwanza alilowahi kuandika lilikuwa la nyanya yake. Baba yake, Mzee M'Ikiara, alimruhusu siku hiyo kwa sababu watu walihitajika. Lakini alipoona binti yake ameifanya kazi ya kila siku, alikasirika. Alimwambia anayeshinda akiwaandika wafu, iko siku wafu watamzoea. Waligombana, Kinya akahamia Skuta, na tangu hapo mzee hakusema naye. Kila Jumapili baada ya kanisa Kinya alipiga simu nyumbani. Shangazi yake, Karimi, ndiye aliyepokea. Nilikuwa nikilala kitandani nikisikiliza upande mmoja wa mazungumzo hayo. "Ng'ombe aje? Ngano imeshika? Baba yuko? Aya. Ako na kazi. Aya." Kisha alikaa na simu mkononi, akiikwangua plastiki yake kwa ukucha. Alitaka kitu kimoja tu. Alitaka mzee amwambie kwa mdomo wake kwamba kazi yake si laana na kwamba nyumbani bado ni kwake.

Barua ya mgeni ilifika kwa kompyuta msimu wa mvua ndefu. Iliandikwa na mwanamke wa nchi ya mbali ambaye kazi yake ni kutafuta nyufa katika programu za watu na kuwaarifu kimya kimya. Mwalimu aliisoma, akavua miwani, akaisoma tena bila miwani. Kisha akatuita.

"Kaeni muone," alisema.

Alifungua fomu ile ile ambayo Kinya alijaza kila siku. Mahali pa jina la marehemu hakuandika jina. Aliandika mstari wa alama na maneno, akabonyeza. Hakuna simu iliyolia. Printa iliyokuwa pembeni, ambayo hakuna aliyeigusa, ikaamka na kuanza kutoa karatasi.

"Nani ameiambia?" nikauliza.

"Marehemu," Mwalimu alisema, wala hakuwa anatania.

Alitueleza mpaka tukaelewa. Makarani wa makanisa walikuwa wamechoka kuandika maneno yale yale katika kila tangazo, yale ya maombi, ya njia, ya shukrani. Wakamwomba alama fupi ambazo mashine ingezibadilisha kuwa sentensi nzima. Akawatengenezea. Lakini ili kuzielewa alama hizo, mashine ilibidi ijifunze kusoma ndani ya tangazo na kutii ilichokikuta, naye hakuiwekea mpaka wa utiifu. Kwa hiyo mtu yeyote, aliye popote, asiye na nenosiri lolote, angeweza kuandika amri mahali pa jina na mashine ingeitekeleza kana kwamba imetoka kwa mwenyewe. Angeweza kuiambia ifute, ifungue, itume. Nilitazama lile kasha chini ya kitambaa cha kufuma na kwa mara ya kwanza sikutaka miguu yangu iwe karibu nalo.

Marekebisho hayakumchukua muda. Shida ilikuwa kuyatoa. Kwa kuwa maandishi yalikuwa wazi kwa wote, siku ambayo angeyaweka marekebisho hadharani, mtu mwenye nia mbaya angeyasoma na kuona pale palipokuwa na tundu, kisha aende kwa mashine ambazo hazijarekebishwa. Na mashine za kwetu zilikaa katika maofisi ya watu wasiofungua barua za kompyuta wiki nzima. Yule mgeni alikubali kunyamaza kwanza, ila aliomba asikawie, kwa kuwa alichokiona yeye mwingine angeweza kukiona. Basi Mwalimu alitupatia flashi yenye marekebisho, akatufundisha mistari ya kuandika, akatutuma mji kwa mji.

Karatina ofisi ilikuwa juu ya duka linalotazama soko, na harufu ya vitunguu ilipanda mpaka kwenye kibodi. Karani alisimama nyuma ya Kinya akila ndizi.

"Ni virusi?"

"Hapana. Ni mlango," Kinya alisema.

"Mlango ya nani?"

"Bado hajafika."

Akaacha kutafuna. Naro Moru tulirekebisha huku padri akitushikia taa ya simu kwa sababu stima ilikuwa dhaifu. Nanyuki tulimaliza mapema, jua bado liko juu ya mlima, na barabara ya Timau ilikuwa pale pale mbele yetu. Nilimwambia Kinya twende tumalize. Alisema ni mbali. Haikuwa mbali. Alisema tutaenda wiki ijayo, na aliposema hivyo alikuwa anaangalia upande wa kwao, kwenye ngano, kama mtu anayeangalia mbwa asiyemwamini. Sikumshurutisha. Ukisubiri baba akuite nyumbani, ni vigumu kwenda kupita mbele ya lango lake na flashi mkononi.

Mwalimu alimpigia Mutwiri azime mashine mpaka tufike. Tulimsikia kwenye spika.

"Ati nizime? Mwalimu, niko na matanga mbili hapa, na mvua imekataa kuisha. Nikizima hii kitu, nani atazunguka akiambia watu?"

"Ni siku chache, kijana wangu."

"Sawa, Mwalimu. Nitaangalia."

Hakuzima, na sijawahi kumlaumu. Barua ya pili ya yule mgeni ilikuja tukinywa uji. Watu wengine walikuwa wameanza kupapasa mashine za nchi nyingine, wakiutafuta mlango huo huo. Mwalimu aliweka kikombe chini.

"Timau?" aliuliza.

"Bado," Kinya alisema.

"Kuna watu huko nje ambao sitawahi kuwaona, na wanatumia kitu yangu. Nikiificha hii dawa, na wao wataikosa. Nikiitoa, Timau inabaki uchi." Alimtazama Kinya. "Ningoje?"

"Programu ni yako, Mwalimu."

Aliitoa asubuhi hiyo. Tulikubaliana kwenda Timau kesho yake. Nimeipima asubuhi hiyo miaka yote hii, nikiwa kwenye vibanda na vyumba vya kupanga, na sijaona angefanya nini kingine.

Aliyeingia katika mashine ya Timau kabla hatujafika hatukumjua kamwe, na nadhani yeye pia hakujua kama sisi tupo. Alitaka mashine ya kumfanyia kazi zake, haidhuru ya nani. Katika kuingiza amri zake pale mahali pa jina, alifuta ile orodha ndogo iliyokuwa ikiikumbusha mashine matangazo yapi yameshatumwa. Mashine ya Timau ilipoamka iliwaona wafu wake wote kuwa wapya. Ikaanza kuwatangaza.

Kinya alikuwa anafua kwenye bomba simu yake ilipolia.

"Haloo?"

Mwanamke akauliza, "Nani ameshika hii simu?"

"Ni mimi mwenyewe. Nani anaongea?"

"Wewe nani?"

"Kinya. Si ni wewe, shangazi?"

Tulisikia ukelele, na simu ikakatika. Ikalia tena, safari hii mwanamume. "Pole sana. Wewe ni mtu wa hospitali?"

"Hospitali gani?"

"Si huyu Kinya ako mochari?"

"Niko Skuta nafua!" Kinya alianza kucheka, akanitazama, akaacha kucheka.

Mwalimu alitoka nje akiwa ameshika simu yake kwa mikono miwili. Namba yake ilikuwa katika kila mashine kwa ajili ya majaribio, na ilikuwa ikilia bila kupumua. Majina yalikuwa yanaingia moja baada ya jingine, wazee, watoto, watu waliozikwa zamani na ambao makaburi yao yameota nyasi. Alituonyesha moja. *Familia ya M'Ikiara wa Timau inasikitika kutangaza kifo cha Kinya. Maombi nyumbani kila jioni. Mazishi Alhamisi.*

"Hiyo ni yangu," Kinya alisema polepole. "Niliandika mimi. Ni ya nyanya."

Upande wetu watoto hupewa majina ya wazee wao, na Kinya alikuwa amepewa la mama wa baba yake. Siku alipoandika tangazo lile hakuna aliyehitaji kuambiwa ni Kinya yupi. Hakuweka umri. Hakuweka tarehe, kwa sababu nani huweka tarehe? Alhamisi ni Alhamisi, na Alhamisi nyingine ilikuwa inakuja.

Simu ya mzee haikupatikana. Ya Karimi haikupokelewa tena. Tukafunga safari sote watatu. Tulipofika Timau, Mwalimu alikimbilia kwa Mutwiri kuchomoa waya wa mashine ukutani, nasi tukaenda nyumbani. Kinya hakutaka kupita langoni mbele ya watu, kwa hiyo tukazunguka kwa kijia cha katikati ya ngano na kutokea nyuma ya jiko la mbao. Turubai lilikuwa limeshafungwa. Wanawake walikuwa wamekaa wakimenya viazi, sufuria kubwa ziko motoni, na kwenye mbao za jiko, upande wa pili, wanaume walikuwa wameegemea wakiota jua. Mmoja alikuwa anaongea. Kinya alinishika mkono wa sweta.

"Huyu mtoto alikuwa anapiga kila Jumapili," mzee alikuwa akisema. "Karimi ananipatia simu, mimi nasema niko na kazi. Kazi gani Jumapili? Nilikuwa nakaa tu hapo kwa mlango, nasikia sauti yake kwa simu ya Karimi. Nilikuwa nasikia yote."

"Pole, mzee," akasema mwingine. Nilimwona kwa ufa. Alikuwa jirani aitwaye Mutuma, mtu mfupi mwenye kofia ya sufu.

"Mama yangu alipokufa ni yeye aliniletea watu. Hii boma ilijaa. Nilikuwa nimejivunia yeye, Mutuma, halafu nikaogopa, halafu nikaita hiyo uoga hasira. Nilikuwa nangoja aniombe msamaha ndio nimwambie. Nimwambie kazi yako ni nzuri, kuja nyumbani."

Nilimvuta Kinya tuingie. Hakusogea. Nikamvuta tena. "Ngoja," alininong'oneza, machozi yakimfika kidevuni. "Ngoja kidogo. Bado anaongea." Nami nikangoja. Mtu aliyekaa na njaa ya maneno hayo muda wote huo, ningemnyang'anyaje sahani?

Mzee aliponyamaza, Kinya alizunguka jiko akatokea mbele yao. Mwanamke mmoja alirusha kisu na viazi vyake, wawili wakakimbia mpaka langoni, katekista akaanza sala kutoka katikati. M'Ikiara peke yake hakusimama. Alimtazama binti yake kutoka miguu kupanda juu.

"Nani alikufa?" aliuliza.

"Hakuna mtu, baba. Ni ile ya nyanya. Mashine imerudia."

"Imerudia." Alinyoosha mkono akamshika kifundo cha mkono, akakaa nacho muda mrefu. "Umekula?"

Tulikula chakula cha matanga yake, yeye akiwa katikati yetu. Karimi alimjazia sahani mpaka ikamwagika. "Kula, marehemu, kula. Wali ni yako." Watu walicheka mpaka wakalia. Mwalimu alipofika alivua kofia akasimama mbele ya mzee na kusema programu ni yake na kosa ni lake. M'Ikiara alimpisha kwenye benchi. "Wewe ni mtu wa mbali, na mtoto wangu amekuja nyumbani," alisema. "Lakini hiyo kitu yako iliniua. Ujue hivyo." Mwalimu alijua. Aliporudi Skuta aliongeza tarehe na umri katika kila tangazo, na kila mashine akaiandikia njia ya kujirekebisha yenyewe. Lakini hakuwahi tena kupika mrenda akitaniwa. Alipika kimya.

Mzee alianza kupokea simu za Jumapili. Waliongea habari za ng'ombe na ngano na bei ya mbolea. Yale maneno ya nyuma ya jiko hakuyasema.

"Mwambie ulisikia," nilimshauri Kinya tukiwa tumelala.

"Nikimwambia ataona haya. Acha aseme mwenyewe. Atasema."

Alikufa kabla ya mavuno, ghafla, akiwa amekaa mlangoni. Nilipiga simu yake, Karimi akapokea, na nikajua. Kinya alikaa kwenye ile meza ya samawati akaandika tangazo kwa mkono wake, jina kamili, umri, tarehe, akalituma kupitia mashine ya Timau iliyokuwa sasa salama kuliko zote. Kisha tukaenda Timau kungoja watu.

Hawakuja. Jioni ya kwanza tulidhani ni mvua. Ya pili Kinya alianza kupiga simu mwenyewe, na nilisikia mwanamume mmoja akicheka upande wa pili. "Kinya, wewe si ulifufuka? Na yeye atafufuka. Hatukuji kula wali ya mtu ako hai tena." Akakata kabla hajajibiwa. Familia kadhaa zilikuwa zimewaombolezea wafu wao mara ya pili kwa sababu yetu, na hazikutaka kuchezewa. Walioamini walikuwa wachache, na kwetu mtu huhesabika kwa wanaokuja kumzika. Katika boma lililowahi kujaa, siku ya mazishi tulikuwa sisi, Karimi, katekista, Mutwiri asiyeinua uso, na majirani wa ua mmoja. Jeneza lilibebwa na waliokuwapo, wanawake pia. Mwalimu alichukua beleshi na hakumwachia mtu mpaka udongo ukapanda kuwa tuta. Karimi alianzisha wimbo, na sauti zetu hazikutosha hata kuufunika upepo wa kwenye ngano.

Baadaye tulikaa chini ya turubai. Sufuria zilikuwa zimepikwa kwa watu wengi na zilikuwa zimejaa. Kinya alipita akituongezea, na tulipokataa alitazama barabara. Ndipo mtu akaja na baiskeli, amebeba majani ya ng'ombe, akipita njia yake. Alikuwa Mutuma. Aliona turubai, akateremka. Aliona tuta la udongo mpya karibu na la mama yake M'Ikiara, akavua kofia ya sufu, baiskeli ikaanguka na majani yake.

"Nilipata meseji," alisema. "Nilifikiri..."

Sijui ningefanya nini kama ningekuwa Kinya. Pengine ningemfukuza. Yeye alienda kwenye sufuria, akajaza sahani, akamletea kwa mikono miwili na kumwonyesha kiti kilichokuwa karibu na chake. Mutuma akakaa. Viti vingine vyote vilikuwa vitupu.

"Kula kwanza," Kinya alimwambia. "Ukimaliza utaniambia. Ile siku ya matanga yangu, ulikuwa umekaa na baba hapo kwa jiko. Alisema nini?"

Mutuma alitazama sahani, akatutazama sisi, akaiweka chini bila kuionja.

"Alisema ulikuwa unapiga kila Jumapili," alianza.

Kinya akavuta kiti chake karibu, akasikiliza kama mtu anayeambiwa kwa mara ya kwanza.